Siri ya Mwanafunzi na Kazi ya Mwalimu Mshauri

Tangu muhula huu uanze nimeulizwa swali moja mara nyingi na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, na hata na wazazi waliokuja siku ya kikao: "Mwalimu, kile chumba kidogo kilichoko karibu na stoo ya vitabu ni cha nini?" Wako wanaodhani ni mahali pa kuadhibia. Wako wanaodhani humo huingia wagonjwa tu, au wale walioshindwa masomo. Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze, nami nimekubali kwa furaha, maana kazi isiyojulikana huogopwa, na kazi inayoogopwa haimfai mtu.

Chumba kile ni cha ushauri nasaha. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, kama mjuavyo, lakini Mkuu wa Shule amenipa pia kazi ya mwalimu mshauri. Leo sitaki kueleza shida ambazo wanafunzi huja nazo, kwa kuwa si zangu kuzieleza. Nataka kueleza masharti yanayomfunga mwalimu mshauri mwenyewe, kusudi ninyi wanafunzi mjue haki yenu mbele yake, na ninyi wazazi mjue mwaweza kumdai nini na hamwezi kumdai nini. Masharti ni mengi, lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili: mshauri hutunza siri, tena husema mapema, kabla hajaambiwa neno, mahali siri hiyo inapokoma.

KAZI HII SI NGENI

Kumshauri kijana si jambo geni kwetu. Huko pwani, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi wake, na mambo aliyomwambia hayakutoka nje. Kwa Wamasai, kila rika lina laigwanani wake ambaye husema kwa niaba ya wenziwe na kuwapatanisha. Kwa Wairaqw wa Karatu na Mbulu, neno la wazee lina uzito mpaka leo. Watu hawa wote walichaguliwa kwa sababu moja, nayo ni kwamba waliaminiwa.

Ushauri wa namna ya shule ulianza baadaye. Mwaka 1908, katika mji wa Boston huko Marekani, bwana mmoja aitwaye Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi inayowafaa. Alifariki mwaka ule ule, na kitabu chake juu ya jambo hilo kikatolewa mwaka 1909. Basi kazi ilianza na swali dogo, "Nikimaliza shule nifanye nini?", lakini haikukawia kuonekana kwamba kijana hawezi kufikiri juu ya kazi akiwa na njaa, au akiwa na hofu, au akiwa amefiwa. Ndipo washauri walipoanza kupokea mizigo mingine pia.

KOSA LANGU

Ningeweza kuwaeleza habari ya siri kwa maneno ya vitabuni, lakini mimi nilijifunza kwa kukosa, na heri niwaambie jinsi nilivyokosa.

Katika shule nyingine niliyofundisha kabla ya kuja hapa, mvulana mmoja wa Kidato cha Kwanza alinijia jioni, wenziwe wakiwa uwanjani. Alisimama muda mrefu akichezea kifungo cha shati. Mwishowe akaniambia kwamba hukojoa kitandani, na kwamba kila alfajiri huamka kabla ya wenziwe ili ageuze godoro. Nikamwahidi kuwa sitamwambia mtu.

Siku ya pili, tulipokuwa tukinywa chai katika chumba cha walimu, nilimwomba mwenzangu aliyekuwa mlezi wa bweni ampe kijana yule kitanda cha chini karibu na mlango. Akaniuliza sababu, nikamweleza. Nilisema kwa nia njema, naye alisikiliza kwa nia njema. Lakini chumbani tulikuwamo walimu saba, na mlango ulikuwa wazi. Usiku ule bweni zima lilijua. Wakampa jina ambalo sitaliandika hapa.

Kijana alitoroka. Aliletwa na mjomba wake baada ya wiki tatu. Nilipomwita alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu," akaniambia kwamba hana shida yo yote. Kwa muda wote aliobaki shuleni hakuniambia tena neno la moyoni, wala si yeye peke yake. Hakuna mvulana wa bweni lile aliyegonga tena mlango wangu. Nilikuwa mshauri kwa jina tu. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, nami nimeyaona.

Ilinipasa kufanya nini? Kwanza, nilipaswa kumwuliza mwenyewe: "Nataka umwone tabibu, tena nataka mlezi wa bweni akubadilishie kitanda. Je, waniruhusu? Nimwambie nini, na nini nisimwambie?" Pili, nilipaswa kumwambia mlezi neno lile tu alilohitaji ili afanye kazi yake. "Naomba kijana huyu apewe kitanda cha chini" lingetosha. Tatu, nilipaswa kusema naye peke yake, si mezani penye chai. Tena ilinipasa kukumbuka kwamba kukojoa kitandani kwa kijana mkubwa si uvivu wala uchafu. Huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa njia ya mkojo, au wa kisukari, au ya hofu iliyomkaa moyoni. Jambo la tabibu nililifanya kuwa la chumba cha walimu.

SIRI INA MPAKA

Baada ya kosa lile nilidhani kwamba dawa yake ni kuapa kimya juu ya kila jambo. Hilo nalo ni kosa, na huenda likawa kubwa zaidi.

Mwaka 1969, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley, alimwambia mshauri wake wa mambo ya akili kwamba anakusudia kumwua msichana aliyempenda. Mshauri aliwaarifu polisi wa chuo, nao wakamhoji kijana, wakamwona mtulivu, wakamwacha. Msichana mwenyewe, Tatiana Tarasoff, hakuambiwa, wala wazazi wake hawakuambiwa. Tarehe 27 Oktoba mwaka ule kijana alimwua. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Jimbo la California iliamua kwamba mshauri anayejua hatari ya namna hiyo ana wajibu wa kumlinda mtu anayetishiwa. Siri ya mmoja haiwi na thamani kupita uhai wa mwingine.

Hukumu ile si sheria ya kwetu, lakini sisi tunayo yetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba katika kila jambo linalomhusu, maslahi yake ndiyo yatangulizwe. Tena sheria hiyo yampa kila mtu katika jamii wajibu wa kutoa habari kwa serikali ya mahali pale akijua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Mwalimu hakutolewa katika wajibu huo.

Kwa hiyo, mwanafunzi akiingia katika chumba changu leo, kabla hajaketi sawasawa, mimi humwambia hivi: "Mwanangu, utakayoniambia nitayatunza. Lakini yako mambo matatu ambayo siwezi kuyanyamazia: ukiwa unataka kujidhuru, ukiwa unataka kumdhuru mtu mwingine, au ikiwa yuko mtu anayekudhuru wewe au mtoto mwingine. Hapo itanibidi nitafute msaada, lakini sitafanya jambo nyuma ya mgongo wako. Utajua namwambia nani, na kwa nini." Wengine wakisikia hivyo huondoka. Ni haki yao. Ahadi ndogo inayotimizwa ni bora kuliko kiapo kikubwa kinachovunjwa.

MSICHANA WA NG'AMBO YA LANGO

Nitatoa mfano. Yeye mwenye habari hii sasa ni mtu mzima. Nilimsomea kabla sijampa Mhariri, akanitaka niondoe mambo mawili, nami nimeyaondoa. Yule kijana wa bweni naye nilimwomba ruhusa, akanijibu, "Andika, mwalimu, ili wengine wasifanyiwe."

Msichana huyu alikuwa wa kijiji kimoja cha Ngorongoro, ng'ambo ya lango la Lodoare. Ilikuwa karibu na likizo ya Desemba. Mimi ni mwanamume, kwa hiyo nilimwuliza kama angependa matroni awepo, akasema hapana. Tukakaa kwenye benchi chini ya mti, mahali ambapo kila mtu angeweza kutuona lakini hakuna ambaye angeweza kutusikia. Akasema, "Mwalimu, apa kwanza kwamba hutamwambia mtu." Nikamjibu kwamba siwezi kuapa, nikamweleza mambo yale matatu. Akanyamaza, akaondoka.

Nawaambieni kweli, siku mbili zile sikulala vizuri. Nilijiuliza kama nimemfukuza. Siku ya tatu alirudi, akasema, "Nimefikiri. Nataka uwaambie." Alikuwa anangojewa nyumbani aolewe likizoni, na kabla ya kuolewa akeketwe. Sehemu ya mahari ilikuwa imekwisha kupokewa.

Tulikata pamoja shauri la kufanya. Tulianza na Mkuu wa Shule, kisha Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya, kisha dawati la jinsia na watoto la polisi. Yeye mwenyewe aliomba pia aambiwe laigwanani mmoja ambaye baba yake humheshimu, na kwa kweli mzee yule alifanya kazi kubwa kuliko sisi sote. Kila hatua alijulishwa kabla haijachukuliwa. Likizo ile alikaa kwa shangazi yake, na Januari akarudi darasani.

Wasomaji wasidhani kwamba mambo yaliisha kwa shangwe. Baba yake hakuwa mtu mbaya. Ng'ombe wake wengi walikuwa wamekufa kwa ukame, na mahari ile ilikuwa tegemeo la watoto wengine wadogo. Mpaka leo tukikutana mnadani hanisalimu. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi. Mshauri akitaka kupendwa na watu wote, heri atafute kazi nyingine.

Katika jambo kama hilo sheria haina shaka. Kumketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998. Kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari ni kosa ambalo, kwa mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Bibi Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ya Tanzania iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vilipingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019.

Sheria hubadili hata uzito wa siri. Zamani msichana mwenye mimba aliogopa kumwambia mwalimu, kwa sababu kujulikana kulikuwa ndio mwisho wa masomo yake. Tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, mwanafunzi aliyekatishwa masomo, hata kwa mimba, aweza kurudi katika shule ya Serikali. Basi wasichana msifiche mpaka mkajiumiza. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

FIMBO NA SIRI

Jambo jingine linalosumbua washauri wa shule zetu ni kwamba walimu ni wachache, na mtu mmoja hupewa kazi mbili zisizokaa pamoja. Asubuhi ni mwalimu wa nidhamu, jioni ni mshauri. Kanuni za mwaka 2002 juu ya adhabu ya viboko zasema kwamba viboko visizidi vinne, kwamba hutolewa na Mkuu wa Shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na kwamba kila adhabu iandikwe katika daftari. Kanuni hizo ni kwa walimu wote, lakini mimi naongeza langu: mwalimu mshauri asishike fimbo kabisa. Ni nani atakayemfungulia moyo mtu aliyemchapa saa nne? Vile vile mshauri asiketi katika kamati ya nidhamu kumhukumu mwanafunzi aliyemsikiliza, maana hataweza kusahau aliyoyasikia. Nilimweleza Mkuu wa Shule jambo hili, naye akanitoa katika zamu hiyo.

MASHARTI MENGINE

Mshauri hamchagulii mtu njia. Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, katika wilaya ya Handeni. Mtoto aliye bweni hapa aweza kuwa na baba Msomera na bibi ambaye bado yuko Ngorongoro, na swali lake ni moja tu: "Likizo niende wapi?" Mimi kama raia nina fikira zangu juu ya mambo ya nchi, lakini nikizitia katika shauri la mtoto nitakuwa nimemwongezea mzigo. Kazi yangu ni kumsaidia aone nauli ni kiasi gani, nani anamngojea, na moyo wake wataka nini. Kisha aamue pamoja na wazee wake.

Mshauri huangalia lugha. Wilaya yetu na jirani zake ni mahali pa ajabu, maana hapa zinakutana jamaa nne za lugha za Afrika: Kiiraqw ni cha Kikushi, Kimasai na Kidatoga ni vya Kinailoti, Kiswahili ni cha Kibantu, na Kihadza cha watu wa Eyasi, chenye sauti za kidoko, hakina ndugu anayejulikana. Mtoto aliyefiwa hulia kwa lugha ya mama yake. Basi mkalimani akihitajika, asiwe mwanafunzi mwenziwe, bali mtu mzima anayekubaliwa na mtoto, ambaye naye ameelezwa sharti la siri.

Mshauri hujua mwisho wa ujuzi wake. Mimi si daktari. Mwanafunzi asiyelala usiku mwingi, au asikiaye sauti ambazo wengine hawazisikii, au asemaye kwamba heri afe, apelekwe kwa wataalamu, ama Karatu hapa katika hospitali ya Kilutheri, ama Endulen, ama Wasso, kwa kadiri ya mahali alipo. Kumshikilia kwa sababu ya fahari yangu ni kumdhulumu.

Mshauri hapokei zawadi, wala hamwiti mwanafunzi nyumbani kwake, wala hambembelezi kwa mikono. Daftari lake hukaa ndani ya sanduku lenye kufuli, na ndani yake mwaandikwa namba, si majina. Nasema wazi: mwalimu ye yote, hata mimi, akikwambia "hii ni siri yetu wawili" juu ya jambo linalokuumiza au kukutia haya, hiyo si siri ya ushauri. Mwambie matroni, au Mkuu wa Shule, au mzazi. Na ukikosa wote, iko Simu ya Mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bure.

KWA WAZAZI

Baadhi yenu mmeniuliza, "Mimi ni baba yake. Kwa nini usiniambie yote anayokuambia?" Swali hilo ni la haki, nami nalijibu kwa heshima. Mtoto wako akiwa hatarini utajua, tena upesi, isipokuwa kama kukuambia ndiko kutakakomwongezea hatari. Lakini mengine, kama vile kuona haya mbele ya wenziwe, au kushindwa Hisabati na kuogopa kukuambia, niachie nimsaidie mpaka aweze kuja kwako mwenyewe na kusema kwa kinywa chake. Mara nyingi hivyo ndivyo inavyokuwa. Mtoto akisikilizwa vizuri na mtu mmoja hujifunza kusema na wa pili.

Kwa wanafunzi, neno langu ni fupi. Chumba kiko wazi Jumatatu na Alhamisi baada ya masomo. Huna haja ya kuwa na shida kubwa ndipo uje. Wengi huja kuuliza habari za kuchagua masomo ya Kidato cha Tano. Ukiingia, utanisikia nikisema maneno yale yale juu ya mambo matatu. Yasikilize mpaka mwisho, kisha uamue kama utaketi. Ukiketi, nitasikiliza. Ukiondoka, sitakuuliza sababu, na benchi la chini ya mti litakuwapo siku ya tatu.